Mlango wa Mama Zuena Mbele ya Huduma ya Maridhiano

Wananchi wa Kamina wanafahamishwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Huduma ya Maridhiano kati ya Mnunuzi na Kitu Alichonunua inafanya kazi vizuri mno. Nasema hivyo nikiwa mkurugenzi wake, na bado niko ofisini, kama mtakavyoona.

Zamani mtu akinunua pasi isiyopata moto alikimbilia kuirudisha dukani. Tabia mbaya. Ndoa ikiyumba watu hukaa chini wakaongea. Kwa nini pasi ifukuzwe bila kusikilizwa? Basi sisi humketisha mnunuzi upande mmoja na kitu upande wa pili. Kwa kuwa vitu havina ulimi, husemewa na Papa Théo, ambaye ndiye anayeviuza. Nani angevijua kuliko yeye aliyevileta mjini?

Jumatatu akaja Mama Zuena, muuza samaki wakavu wa Mulongo. Kufuli alilonunua kwa Papa Théo, ambalo yeye huliita kadena, lilikuwa limefunga duka lake na kugoma kufunguka. Nikamweleza kwa upole kwamba hatupatanishi upande mmoja: alileta malalamiko, sasa alete na kufuli lenyewe, tena bila kulikata, maana kitu kilichoumizwa hakipatani na mtu. Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Akarudi na mlango. Mlango mzima, mbao zake mbili zimeng'olewa kwenye bawaba, zimeshikanishwa na kufuli lile, na vijana wawili wanausukuma juu ya baiskeli. Duka lilikuwa limebaki wazi, na mdogo wake Djamila amesimama kizingitini anafukuza paka kwa fimbo. Kabla jua halijazama Mama Zuena alihitaji kufuli linalofunguka, la sivyo samaki wake wangeliwa na mji mzima.

Nikafungua kikao. Haraka haraka haina baraka, nikamwambia, kisha nikamuuliza kama aliwahi kulifunga kwa hasira. Papa Théo naye akaeleza kwamba kufuli lina haya tu mbele ya wageni.

"Papa Directeur," akasema Mama Zuena, "minyi sitafute ndoa na kadena. Niko natafuta kufunga mulango."

Neno hilo liliniuma. Papa Théo akatoa kufuli jingine la boksi lilelile, aonyeshe kwamba ukoo wao ni watu wema, nami nikaamuru lijaribiwe kwenye mlango wa ofisi. Kanuni inakataza ofisi kufungwa saa za kazi bila viongozi ndani, kwa hiyo mimi na Papa Théo tukabaki ndani. Mama Zuena akafunga kwa nje. Akazungusha ufunguo. Akauzungusha tena.

Madirisha yetu yana nondo, kwa usalama wa viongozi.

Niliomba nyundo. Papa Théo aliomba kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu choo kiko nyuma ya jengo. Mama Zuena hakukasirika wala hakucheka. Aliegemeza mlango wake ukutani, akawapanga mbele ya dirisha wateja wote waliokuwa wakingoja, akasema habari ya nyundo itazungumzwa wakishamaliza kusikilizwa.

Sijawahi kuona maridhiano ya mbio namna ile. Pasi ikabadilishwa. Redio ikabadilishwa. Papa Théo alirusha funguo za duka lake nje na kuagiza mke wake agawe vitu vipya bila maswali. Zamu ya Mama Zuena ilipofika, Papa Théo akamnong'oneza kupitia nondo kwamba mke wake asiguse kabisa lile boksi: achukue kufuli linalofunga duka lake mwenyewe, lile aliloagiza Lubumbashi.

Likaletwa. Mama Zuena akalifunga, akalifungua, akaridhika, akawaambia vijana wapakie mlango. Hapo nikamkumbusha nyundo.

Akawatazama wenzake na pasi zao mpya. Akaitazama foleni nyingine iliyokuwa imeanza kujipanga kutokea upande wa reli. Kisha akalitazama kufuli la ofisi.

"Papa Directeur, tulishajaribu," akasema. "Hii kadena iko muzuri kabisa. Haina kasoro hata moja."

Papa Théo alifungua kinywa apinge, kisha akakumbuka yeye ni msemaji wa nani.