Wageni wa Turubai Kisimani Pangu

Kisima cha Ghazala,
magharibi ya Matruh,
baada ya mavuno ya shayiri, 1942.

Kwa Bwana Mkubwa wa Ugavi wa Jeshi,
popote hema lako lilipohamia wiki hii.

Bwana Mkubwa mheshimiwa,

Amani iwe juu yako na juu ya makarani wako wote. Sisi hatujambo, mbuzi hawajambo, na ndege zako nazo hazijambo, isipokuwa ile moja nitakayoieleza hapo chini. Mimi ni Ghazala binti Faraj, mjane, mwenye kisima hiki kilichochongwa mwambani na watu ambao hata babu wa babu yangu hakuwajua. Anayesema ni mimi. Anayeandika ni fakihi Yadim, anayewafundisha watoto wetu Kurani. Makosa ya herufi ni yake, makosa ya adabu ni yangu. Ameshaniomba mara mbili nipunguze makali, nikamwambia, "Fakihi, wewe tia wino tu, pilipili niachie mimi."

Sina ugomvi na vita vyenu. Hata mwanangu wa pekee, Kheirallah, anawafanyia kazi. Yuko kwenye uwanja wenu wa ndege wa kweli, mwendo wa siku moja kwa ngamia upande wa mashariki, anapakua madebe ya petroli kwenye malori, na tangu Idi Kubwa sijamtia machoni. Hilo silalamikii, ingawa linaniuma. Ninalolalamikia ni uwanja wenu wa uongo, mliouweka hatua mia mbili kutoka kisimani pangu. Haja yangu ni moja: uondoeni. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, maana fakihi anasema watu wa ofisi hawasikii kitu kisicho na namba.

1. Beberu wangu. Asubuhi ile mlipokuja, niliona kwa mbali maturubai kumi na mawili yamesimamishwa kwenye tambarare. Kwetu, mtu akipiga hema karibu na maji yako ni mgeni wako. Humuulizi jina wala anakokwenda hadi siku ya tatu, kwanza unachinja. Wifi yangu Migbula akasema, "We Ghazala, mbona hema hizi zina mikia?" Nikamjibu, "Acha kuwachungulia wageni, washa moto!" Nikamchinja beberu wangu mwekundu, nikampika na wali, nikajitwika sinia hadi hema la kwanza. Nikatoa salamu. Nikatoa ya pili na ya tatu, nikikohoa kwa adabu. Mwisho nikafunua, nikakuta miti, kamba na harufu ya gundi. Bwana Mkubwa, nilikuwa nimesimama juani namsalimia ndege, na ndege mwenyewe si ndege.

Wageni wenye midomo walikuwa watatu tu, Sajini Pritchard na askari wake wawili. Walikuja mbio wakamaliza sinia lote na kulamba vidole. Kisha Sajini akanieleza, kwa maneno machache anayoyajua na mikono yote miwili, kwamba kazi ya vinyago hivi ni kumdanganya rubani wa Kijerumani amwage mabomu yake hapa, asiyapeleke kwingine. Hapa! Wanaosema mgeni njoo mwenyeji apone hawajawahi kuletewa mgeni anayeita mabomu.

2. Ndege iliyoliwa. Mbuzi wangu walikula mkia na nusu ya bawa la ndege ya saba kutoka kulia. Sikatai. Lakini ni nani aliyegandisha turubai kwa uji wa unga wa ngano, kisha akaliacha kwenye nchi ambayo mbuzi anakula kamba ya hema akiona raha? Sajini akapiga kelele, "Mama Kheirallah! Hiyo mali ya serikali!" Nikamwambia, "Mwanangu, mwambie serikali yako mali yake ni tamu." Aliandika ripoti kuwa ndege moja imeangamizwa na mbuzi. Wakubwa wake wakajibu kwa waya wakiuliza mbuzi hao walikuwa wa upande gani. Naomba iandikwe rasmi kwamba mbuzi wangu hawana upande.

3. Chakula cha wasiokuwepo. Hapa ndipo kosa lako wewe mwenyewe linapoanzia. Siri ya uwanja huu imefichwa vizuri mno, hata ofisi yako ya ugavi haikuambiwa. Kwenye karatasi zako hiki ni kikosi kamili, watu mia na themanini. Basi kila Alhamisi lori linatushushia nyama ya kopo, biskuti ngumu, sukari, majani ya chai na jamu ya watu mia na themanini. Sajini hathubutu kukirudisha, maana akikirudisha atakuwa ametoa siri. Kukitupa ni haramu. Kwa hiyo sisi, kwa kuona haya tu na ujirani mwema, tumekuwa tukimsaidia. Migbula amenenepa hadi anagombana na mlango wa hema. Watoto wa fakihi hawataki tena tende, wanadai jamu. Mnatuharibia watoto, Bwana Mkubwa, na jamu yenyewe kila wiki ni ya aprikoti, kitunda kilekile kidogo cha manjano, kama vile Mungu hakuumba tunda jingine.

4. Maji, na hili ndilo jambo lenyewe. Chakula mnaleta, maji hamleti, kwa sababu karatasi yako inasema kikosi kitachota hapohapo. Debe moja kwa watu wanne, kila siku. Kwa hiyo watu mia na themanini wasiokuwepo wanakunywa kisima changu madebe arubaini na tano kila siku, kwenye karatasi. Sajini anaandika kila jioni, maana asipoandika makao makuu watauliza kikosi gani hiki kisichokunywa. Nami nilikuwa nacheka, hadi Jumanne iliyopita alipokuja na uso wa mtu aliyefiwa. Kwa hesabu ya karatasi, kisima changu kimekauka.

Nikamshika mkono nikamshusha ngazi mpaka maji yakamlowesha viatu. Nikamwambia, "Haya ni nini, maziwa?" Akasema, "Mama, mimi nayaona. Karatasi haiyaoni." Sasa imekuja amri kwamba kwa kuwa hapa hapana maji, raia wote wahame kabla ya mwezi kwisha, kwa usalama wao, waende pwani kwenye kisima cha watu wa Hamdun, ambacho kina chumvi na wenyewe tumegombana nao tangu enzi za marehemu mume wangu. Nina mbuzi arubaini na kiangazi chote mbele yangu. Mvua si kabla ya miezi mitano. Kunihamisha ni kuniua, na mbaya zaidi ni kuuawa kwa kiu na watu ambao hawana hata makoo.

5. Aibu. Wiki ya sita sasa, na adui hajadanganyika. Mara moja ndege yake ilipita juu sana, ikazunguka, ikaangalia mbuzi wamelala kivulini chini ya mabawa, ikaenda zake. Mimi hizi ndege sizipendi, lakini nilishazichinjia. Kumdharau mgeni wangu ni kunidharau mimi. Hata za kudanganyia hamkutuletea nzuri.

Kwa sababu hizo naomba mzing'oe ndege zote kumi na mbili, pamoja na lile rundo la madebe matupu yanayojifanya petroli, ambayo tumekatazwa kuyagusa kana kwamba utupu wake utamwagika. Na kama ufundi wenu wa turubai ni mkubwa kiasi hiki, nina mapendekezo. Shoneni kisima cha turubai, mkiweke huko jangwani mbali, mkiegeshee ndege zenu. Mshoneni na Ghazala wa turubai wa kukaa pembeni yake. Huyo hatawaandikia barua. Mkimaliza mumtumie ujumbe Mjerumani, naye ashone vya kwake, maana nasikia mafundi hodari anao. Halafu pigeni vita vyenu, turubai kwa turubai, mpaka upande mmoja uishiwe na uzi. Karatasi zenu hazitajua tofauti. Wana wa watu warudi makwao, na wangu nimpate angali na meno.

Nisalimie makarani wako wote, hasa yule anayehesabu maji. Msalimie dereva wa lori la Alhamisi, mwambie kitambaa chake alikisahau kwangu, nimekifua. Sajini Pritchard anasalimia pia, ingawa hajui kama anasalimia. Migbula anakusalimia na kukushukuru kwa sukari. Fakihi Yadim anakusalimia na kuomba radhi kwa niaba yangu, jambo ambalo sikumtuma.

Mimi, niliyetia dole gumba langu hapa,
Ghazala binti Faraj,
mwenye kisima kilichokauka kikiwa na maji.

Baada ya dole gumba: Lori la Alhamisi halikuja, kwa hiyo barua imebaki mfukoni mwa fakihi, nasi tunaiongeza leo Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Wajerumani walikuja. Walikuja tisa, wakashuka chini hadi niliona michirizi ya mafuta matumboni mwao. Walipiga ndege zako, wakapiga madebe matupu kwa bidii ya kusikitisha. Sisi tulikuwa pangoni nyuma ya kisima, Migbula akinisomea shahada sikioni kama mimi ni kiziwi. Bomu moja lilidondoka ukingoni mwa kisima likabomoa ngazi tatu, na maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, yatatulia. Mbuzi wanne wamekufa. Nilitoka pale nimeshika mchi, namtafuta Sajini, na Mungu ndiye anayejua nilitaka kumfanya nini.

Nilimkuta amekaa kwenye jivu la ndege ya kwanza, anacheka na kulia pamoja. Aliponiona akasema, "Mama, haya yote walikuwa wanayapeleka kwa kina Kheirallah."

Bwana Mkubwa, wiki sita nimeishi na neno lile "kwingine," na sikuwahi kuuliza kwingine ni wapi.

Jana jioni mwanangu alifika juu ya lori, amepewa siku mbili. Anasema Jumamosi walikuwa kwenye mahandaki, madebe elfu kadhaa ya petroli yamewazunguka, yale mabovu yanayovuja, hata kuwasha kiko ni marufuku. Walizisikia ndege zinakuja, kisha wakazisikia zinageuka kwenda magharibi. "Mama," akasema, "tulishangaa, kule magharibi kuna nini?" Nikamwambia, "Kuna wageni wangu." Amekula, amelala, na hadi sasa anakoroma kama marehemu baba yake, nami nimewakataza watu wote wasipite karibu na hema.

Kwa hiyo nabatilisha yaliyo hapo juu. Namba moja nimesamehe. Namba mbili, mbuzi waliobaki nimewafunga. Namba tatu, karani wako asiiguse hesabu yake: ni watu mia na themanini kamili, na wana njaa, ila jamu wabadilishiwe tunda. Namba nne, ile amri ya kuhama naomba iliwe na panya ofisini kwako. Kama karatasi inasema tumekauka, sisi tutakunywa kimyakimya tusiiaibishe. Namba tano, adui namwomba radhi.

Ndege tatu zilisalimika, na tangu alfajiri mimi na Migbula tunazishona mabawa kwa kipande cha hema langu la arusi, manyoya ya mbuzi safi, si turubai la kuoza. Sajini anasema kutoka juu hayaonekani kama bawa hata kidogo. Nimemwambia ashike sindano. Lakini tatu hazitoshi, na Kheirallah anarudi kazini kesho. Leteni nyingine, Bwana Mkubwa, leteni upesi, kubwa kuliko zile, zenye mikia ya kuonekana mbali. Nimeshachagua beberu wa kuzipokea.