Kakejiku la Kwanza Isiolo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo mji wa Isiolo umepata fundi wa kweli. Naandika mapema ili isije ikasemekana baadaye kwamba nilijisifu baada ya matokeo.

Mama Batula, mwenye duka la vitambaa mkabala na duka langu la fremu, ameniletea kitambaa alichokitarizi marehemu mama yake. Ngamia saba wa nyuzi nyekundu wanatembea kuelekea kisimani. Sita wanatazama mbele. Wa mwisho, pale pembeni, anatazama nyuma. Nadhani marehemu alikuwa amechoka.

Batula anataka kitundikwe ukutani kufikia Jumamosi. Siku hiyo mjomba wake, Mzee Boru, atapita akitoka Sericho kwenda Nairobi kupasuliwa jicho. La kwanza lilishapofuka. Hili la pili madaktari hawajaahidi kitu. Mzee amesema kabla ya kuguswa anataka kuiona kazi ya dada yake, maana huenda ikawa mara ya mwisho. Batula akanishika mkono. Akasema hana kitu kingine cha mama yake, nikitunze. Nikamwambia atulie, yuko mikononi mwa Kobia.

Nikamweleza kwamba fremu na kioo vimepitwa na wakati. Nitamtengenezea kakejiku. Ni ufundi wa Wajapani: kitambaa hubandikwa kwenye karatasi, kikazungushiwa kitambaa kingine cha pambo, fimbo moja juu na moja chini. Kinaning'inia ukutani, na ukitaka unakikunja kama mkeka. Nilifunzwa na mwalimu Mjapani aliyekuja kufundisha katika ukumbi wa mji mwezi wa nne.

Sikumwambia kwamba mafunzo yalikuwa ya siku mbili nami nilienda moja. Siku ya kwanza ilikuwa ya kutundika, kukunja na kuinamisha kichwa mbele ya kazi. Nilishika yote. Siku ya pili ilikuwa ya gundi. Mtu aliyezeekea kwenye fremu atafundishwa gundi?

Jecinta, fundi cherehani wa mlango wa pili, alienda siku zote mbili. Batula alipokuwa akikunjua kitambaa, alikuja kwenye veranda akachungulia, akakohoa. Najua kikohozi hicho. Ni cha wivu.

Jumanne, 10 Juni

Suala la gundi. Nimemtuma mke wangu Kawira kwa Jecinta, ajifanye amepeleka sketi ipunguzwe, kisha achote siri.

Kawira amerudi na sketi iliyopunguzwa kweli, na siri ya ajabu. Eti gundi ya kakejiku ni unga wa ngano uliopikwa, ukawekwa chunguni miaka na miaka hadi ukapoteza nguvu. Eti gundi nzuri ni ile dhaifu, ili fundi wa kesho aweze kulowesha kazi na kuibandua bila kuumiza kitambaa.

Nilicheka mpaka Kawira akaniuliza kama niko sawa. Gundi dhaifu! Huyo mwanamke anataka kazi yangu ianguke mbele ya mgeni.

Nitatumia gundi ya mbao. Inashika mpaka kiama.

Baadaye: Kopo limekauka. Nani aliliacha wazi? Duka la vifaa lililo karibu ni la shemeji yake Jecinta. Siingii humo ng'o, habari zitamfikia kabla sijavuka barabara.

Jumatano, 11 Juni

Akili ni mali yangu. Kama Wajapani wanataka unga mzee, nyumbani kuna uji wa Kawira wa kuuza sokoni, umechacha kibuyuni tangu wiki jana. Huo ni mzee wa kutosha. Nimeuchukua wote Kawira akiwa kanisani.

Karatasi nimetoa kwenye mfuko wa simiti, safu ya ndani iliyo safi. Kitambaa cha pambo nimekata pazia la sebuleni, upande wa chini, ambao hakuna mtu huutazama. Dhahabu na maua. Mwalimu mwenyewe angelia.

Nimefanya pia uamuzi wa kifundi. Yule ngamia wa mwisho anaharibu mpangilio. Nimemfunika kwa pambo. Sasa wako sita, wote wanatazama mbele, kazi imenyooka. Marehemu angenishukuru.

Nilikianika kwenye ubao nje ya duka. Jua la hapa halina subira, kilikauka kabla sijamaliza chai na kikaanza kujikunja pembe. Kisha mbuzi wawili wakaja kulamba karatasi. Niliwafukuza, wakapitia dukani kwa Jecinta wakaangusha sanamu yake ya kuvalisha nguo. Akatoka akasimama akanusa. Akasema, "Kobia, hii kitu yako inanuka uji."

Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya Japani.

Nikakikalia mchana kutwa. Kimenyooka.

Alhamisi, 12 Juni

Kawira ameona kibuyu. Baada ya kibuyu akaona pazia. Aliongea Kimeru muda mrefu bila kupumzika. Nilimweleza kwamba mke wa fundi mkubwa huwa ana sehemu yake katika kazi, naye ametoa uji na pazia. Hakufurahi. Wateja wake wa uji wameenda kwa Mama Makena.

Fimbo ni mpini wa fagio. Upepo wa Isiolo ulikuwa unaipeperusha kazi, nikafunga kufuli za duka huku na huku kama uzito. Sasa imetulia. Duka halifungiki, lakini kazi imetulia.

Jecinta alikuja tena. Akaitazama, akaniuliza yule ngamia mwingine ameenda wapi. Nikamwambia ashughulike na vifungo vyake. Akasema atamuuliza Batula. Nikaikunja kazi haraka.

Mpango: kazi itafika kwa Batula ikiwa imekunjwa na kufungwa kamba. Nitasema mila ya Kijapani inakataza kuifungua kabla mgeni hajafika.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango umefaulu. Batula ameipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati ambako watoto hawafiki. Nimepewa chai ya maziwa ya ngamia. Nikamfundisha pia kuinamisha kichwa. Nimerudi dukani mabega juu.

Jumamosi, 14 Juni

Mzee Boru alifika nyumbani kwa Batula baada ya sala ya adhuhuri. Mrefu, mkavu, fimbo mkononi. Alitoa salaam aleikum kwa kila mtu chumbani, Jecinta na mimi tukiwemo. Sijui nani alimwalika Jecinta.

Nikapanda stuli. Nikafungua kamba. Kakejiku likashuka vizuri sana, kufuli zikagonga ukuta. Nikainamisha kichwa. Kwa sekunde chache nilikuwa mtu mkubwa.

Mzee alisogea hadi pua ikakaribia kugusa. Jicho likawa halitoshi, akatumia vidole. Akampapasa ngamia wa kwanza, wa pili, akitaja jina la kila mmoja kwa Kiborana, polepole. Akafika wa sita. Vidole vikaendelea, vikakuta pazia langu. Vikarudi. Vikaenda tena.

Akauliza, "Iko wapi ile inaangalia nyuma?"

Batula akanigeukia. Nikasema kuna suala la mpangilio. Hakuna aliyenisikiliza, maana mzee alikuwa ameanza kueleza. Alikuwa mtoto mdogo, familia inahama wakati wa ukame. Akapitiwa na usingizi chini ya kichaka, wakaondoka bila kujua. Ngamia mmoja akagoma kutembea. Akasimama, shingo nyuma, hata alipopigwa. Dada yake akarudi kuangalia ngamia anatazama nini. Alikuwa anamtazama yeye, Boru, amelala. Bila ngamia huyo angekufa pale.

Kisha akasema kwamba labda macho yake yameharibika kuliko alivyodhani. Akamwomba Batula msamaha kwa kutomwona.

Niliona aibu. Naandika mara moja tu, sitarudia. Batula alikuwa analia bila sauti, na mzee akiendelea kupapasa pazia langu.

Nikasema, yuko chini ya pazia. Amefunikwa. Namaanisha ngamia.

Jecinta hakunigombeza, alitaka beseni la maji. Akalowesha kitambaa safi, akakikandamiza kwenye ukingo wa pambo, akasubiri. Akasubiri tena. Uji ukaachia. Pazia likabanduka taratibu, na pale chini akatokea ngamia wa saba, amelowa, ana rangi ya uji kidogo, shingo nyuma.

Mzee akaweka kidole gumba juu ya kichwa chake. Akasema, "Huyu." Hakuondoa kidole muda mrefu.

Jecinta akaniambia mlangoni kwamba kama ningetumia gundi ya mbao, leo tungekuwa matangani. Atakibandua chote Jumatatu na kukitengeneza upya alivyofundishwa.

Jumatano, 18 Juni

Nimepata muda wa kufikiri. Ni nani aliyechagua gundi inayoachia? Mimi. Jecinta alileta beseni tu. Beseni kila mtu analo.

Batula amepita dukani. Mzee alifunguliwa bandeji jana, na jicho linaona. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama ngamia wake amekauka. Batula alikuwa na furaha hata akasahau kunigombeza. Nilifurahi sana, kwa kweli nilitoka nje nikazunguka duka. Halafu nikaandika kwenye kibao cha mlangoni: KOBIA, BINGWA WA KAKEJIKU, KAZI IMEFIKA HADI SERICHO.

Kawira yuko kwao Nkubu tangu Jumapili, kwa sababu ya pazia. Nataka kumfurahisha akirudi. Sandukuni kuna leso ya harusi ya mama yake, ile ambayo haruhusu hata ifuliwe. Nimeipima. Nzuri, ila maandishi ya chini hayakukaa katikati. Nitayafunika kidogo.

Uji haupo, aliondoka na kibuyu. Lakini nimemeza kiburi nikaingia kwa shemeji ya Jecinta, nikapata kopo jipya la gundi ya mbao. Safari hii haibanduki.