Diski Iliyoshonwa kwa Katani

Fausta ndiye aliyenisimulia haya, mwezi uliopita, tulipokaa uani kwake Manundu, Korogwe, tukichambua mchicha. Yeye aliyapata kwa mumewe, Laurenti, na Laurenti hakuyasema kwa kupenda. Aliyasema kwa sababu kulikuwa na magunia manne sebuleni, na mke akaketi mlangoni akisubiri maelezo.

Laurenti ni fundi wa kompyuta. Tusimwonee, ufundi anao. Shida ni kwamba asubuhi anaufanyia kazi, mchana anautumia kulaghai watu. Siku hizo alikuwa anatembea na mkoba wenye vikasha vitatu vya diski, vyote vipya, vinang'aa, vinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Kimoja kilikuwa na diski ya kweli. Viwili vilikuwa na kiflashi kidogo cha kitoto, na pembeni yake nati mbili za baiskeli zilizogandishwa kwa gundi, ili mnunuzi akipima mkononi aone ameshika mali.

Na viflashi hivyo vilikuwa vimefundishwa uongo. Ukikichomeka kwenye kompyuta kinasema kina nafasi ya harusi zote za mkoa wa Tanga. Ukikipa kitu kinapokea, majina yote kinakuonyesha, hakikatai. Ukirudi baada ya wiki kufungua, majina yapo, ndani hamna kitu. Mpiga picha mmoja wa Mnyuzi mpaka leo anawaambia maharusi wawe na subira.

Laurenti alionyesha kwa diski ya kweli na kuuza ya uongo. Wakati wa kuirudisha kwenye kasha, vidole vyake vilipita mkobani mara moja tu, vikatoka na ndugu yake wa nati. Hakuna jicho lililowahi kuviona.

Alhamisi moja basi lake lilipata pancha Mkata. Abiria wenzake walikimbilia mahindi ya kuchoma, yeye akatafuta kivuli kwenye baraza la ghala la nafaka. Ndipo aliposikia kutoka ndani: tik, tik, kraa. Tik, tik, kraa. Masikio yakamsimama kama ya paka aliyesikia sufuria ikifunuliwa.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mahindi ya kuchoma ni ng'ambo kule. Hapa tunauza kwa gunia."

"Sijafuata mahindi, mama. Nimefuata kilio. Kompyuta yako inalia."

"Inalia tangu Ramadhani. Nilidhani ni joto."

Mwenye ghala aliitwa Bi Hajira, mjane, mnene wa wastani, mwenye sauti ya polepole. Nyuma yake, kwenye misumari, yalining'inia mabambo mawili, vile vyuma vyenye mfereji vya kuchomea gunia ili zitoke punje za kuonja. Moja lilikuwa refu kama mkono wa mtu, jingine fupi kama kijiko cha chai. Laurenti aliyaona. Kuyaona aliyaona.

Kwenye kioo cha kompyuta alikuwamo marehemu Adamu, mume wa Bi Hajira, amesimama mlango ule ule na kibaghashia kichwani, anaeleza jambo lisilo na maana yoyote. Halafu mbuzi anaingiza kichwa kwenye gunia, na Adamu anapaza sauti, "Hajira! Mtoe huyu mbuzi, anamaliza mahindi!" kisha anacheka mpaka kibaghashia kinadondoka. Basi. Dakika moja na kidogo. Picha nyingine ya Adamu anayetembea na kusema hakuna, simu iliyoipiga hiyo ilishaibiwa siku nyingi. Kila siku baada ya swala ya alasiri Bi Hajira alikaa akamwangalia mumewe anagombana na mbuzi. Wiki hiyo picha ilikuwa inakwama kabla mbuzi hajafika.

"Hiyo diski inakufa, mama," Laurenti alisema, na hapo hakudanganya. "Huo mlio ni sindano ya ndani inagonga, imepotea njia. Kila ukiiwasha unampunguzia siku. Ukiiwasha mara tano zaidi, huyu mzee hutamwona tena."

Bi Hajira akaondoa mkono kwenye meza kama aliyeguswa na moto.

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Tunamhamisha leo. Diski mpya ziko za aina mbili. Kuna ya kuzunguka, nafuu, ila ikianguka tu, kwaheri. Kuna isiyozunguka, ndani hakuna kinachotembea, bei imesimama lakini inavumilia. Na ya mtumba usithubutu, hujui imelilia nani kabla yako."

"Kama mbegu. Ya kwenye mfuko uliofungwa."

"Hapo hapo, mama! Wewe ni mtaalamu."

Ushauri wote huo ulikuwa sahihi, hata mwalimu wa chuo asingeongeza kitu. Laurenti huwa mkweli kabisa mpaka pale mkono unapoingia mkobani. Akatoa kasha moja, lenye nati, akamwekea kiganjani.

"Pima mwenyewe. Ile isiyozunguka, toleo jipya."

"Nzito."

"Uzito ndiyo mali, mama!"

Bi Hajira akamtazama kidogo, akamrudishia kasha.

"Bei tutaelewana," alisema. "Hela yote iko kwenye mzigo, nitakupa mahindi. Gunia nne."

Moyo wa Laurenti ukaruka kamba. Korogwe mahindi yalikuwa yamepanda, gunia nne zilizidi bei ya diski tatu za kweli, sembuse nati. Lakini akakunja uso kama anayeonewa.

"Mama, mahindi..."

"Yachome mwenyewe. Shika bambo." Akatungua lililokuwa karibu na mkono wake. "Choma popote, hata mara ishirini, mimi sikuangalii."

Laurenti akachoma juu, akachoma ubavuni, akachoma chini, kila gunia. Zikatoka punje nyeupe, kavu, safi. Akaitafuna moja, ikalia kama kokoto. Akaguna kama mnunuzi wa miaka mingi, akaafiki.

Akafungua mkoba, akatoa diski ya kweli, akaichomeka, akaanza kumhamisha Adamu. Ile ya zamani ikalia tik, tik, ikanyamaza, ikalia tena. Bi Hajira alisimama nyuma ya kiti anasoma dua alizozijua. Laurenti naye jasho lilimtoka, maana marehemu asipovuka, gunia hazivuki. Mstari wa kijani ukatambaa, ukakwama, ukatambaa, ukafika. Kraa moja ya mwisho, na diski ya zamani ikanyamaza moja kwa moja. Haikuwaka tena.

Laurenti akatoa kompyuta yake mwenyewe ya kukunja, akaichomeka ile mpya. "Hajira! Mtoe huyu mbuzi!" Adamu akacheka, kibaghashia kikadondoka. Bi Hajira akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema arudie. Akarudia mara nne.

"Sasa nikuwekee kwenye kasha lake, mama, isipate vumbi," Laurenti alisema, na mkono ukaanza safari ya mkobani.

Mkono wa Bi Hajira ulifika kwanza. Aliichomoa diski mwenyewe, akaipima kiganjani.

"Hii nyepesi."

"Eeh... ni kwa sababu..."

"Ile ya kasha ilikuwa nzito. Mahindi mazito kuliko umbo lake, baba, yana maji au yana kitu. Mimi nanunua mepesi." Akavuta kipande cha kitambaa na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, yenye uzi wa katani. "Na hapa Mkata mzigo ulioonjwa unashonwa mbele ya muuzaji, ili njiani usigeuke mwingine."

"Mama, kasha lina dhamana ya miaka mitatu!"

"Kasha kaa nalo. Sijanunua kasha."

Akashona. Mshono wa tatu, wa nne, fundo. Laurenti aliiangalia diski yake pekee ya kweli ikipotelea kwenye kitambaa kama mtu anayeangalia basi likiondoka na begi lake. Lakini alijikaza. Gunia nne ni gunia nne! Hata kwa diski ya kweli ametoka na faida, tena faida halali, jambo lililomkera kidogo.

"Umeniweza, mama," alisema kwa heshima.

"Nenda salama, injinia. Fuso ile inakwenda Korogwe, wapagazi watakupandishia."

Jua lilikuwa linazama magunia yaliposimamishwa sebuleni Manundu. Laurenti alisimama katikati yake, mikono kiunoni.

"Mke wangu, leo nimekutana na bibi mmoja wa shamba..."

Fausta, aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge na kukulia sokoni, hakusubiri. Akakata uzi wa gunia la kwanza, akalimwaga kwenye turubai. Yakatoka mahindi meupe. Yakafuata magunzi. Yakafuata magunzi mengine, na katikati yake kokoto, za ukubwa wa ngumi, zilizooshwa vizuri.

La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. La nne hawakulimwaga.

"Ulichoma bambo?"

"Nilichoma! Mara ishirini!"

"Lilikuwa la urefu gani?"

Laurenti akafungua mdomo, akaona ukuta wa ghala, msumari wa kwanza, msumari wa pili. Akapima hewani kwa vidole. Kijiko cha chai.

"Lile refu ni la kununulia," Fausta alisema. "Fupi ni la kuuzia. Na hizi kokoto za nini, baba watoto?"

"Za... uzito."

"Kumbe naye anatia nati."

Laurenti akasema kesho anakwenda polisi. Fausta akamwuliza ataeleza alipeleka nini Mkata, na mkoba waufungue au wauache umefungwa. Laurenti akakaa chini.

Wakakusanya mahindi ya juujuu, wakabandika makande, na magunzi yakawaka vizuri sana, hilo Fausta analisifu mpaka leo. Walipokuwa wakila, Fausta akaketi mlangoni mpaka akasimuliwa yote, hadi ya Adamu na mbuzi. Laurenti akajilaza mapema, akageuka ukutani, akageuka tena, mwishowe pumzi ikatulia. Fausta alikuwa bado macho alipomsikia mumewe akisema usingizini, kwa sauti kubwa na ya hasira, "Hajira! Mtoe huyu mbuzi, anamaliza mahindi!"

Fausta alicheka peke yake, shuka mdomoni asimwamshe. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akanyamaza, akakumbuka zile kokoto zilivyooshwa, akacheka tena kidogo. Kisha naye akalala.