Malalamiko Kuhusu Vishindo vya Wanachama Wako na Miguu Minne ya Gramafoni Yangu

Section 58, Nakuru
Jumatatu asubuhi

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Akina Mama Wafumaji,
Section 58.

Mheshimiwa Bi. Mugure,

MINTARAFU: VISHINDO SEBULENI MWANGU, VITAMBAA, NA KUONDOKA KWA MKE WANGU

Nakuandikia nikiwa nimevaa soksi tu, bila viatu, kwa sababu ambazo utazielewa kabla hujafika ukurasa wa pili.

Mimi ndiye mume wa Wangeci, mwanachama wako wa miaka kumi na minne. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka thelathini na miwili nilizunguka masoko kutoka Molo mpaka Gilgil nikihakikisha kwamba kilo ni kilo, na wauza viazi wengi bado hawanisalimii. Kwa hivyo mimi si mtu wa kusema mambo ovyo. Nikisema nyumba yangu inatetemeka, basi nimepima.

Nilipostaafu sikununua ng'ombe wala kujenga vyumba vya kupangisha kama wenzangu. Nilinunua gramafoni, amplifaya na spika mbili zinazonifika kiunoni, ili nisikilize santuri zangu za zamani kwa amani. Nimesh, mwenye duka la vyombo vya muziki huku mjini, ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba adui wa muziki si kelele, ni mtetemo. Mtu akitembea, sakafu hutikisa meza, meza ikatikisa gramafoni, na sindano ikasoma hatua za mtu huyo kana kwamba ni sehemu ya wimbo. Dawa yake ni miguu minne maalum ya mpira ambayo hufungwa chini ya mashine na kumeza mtetemo kabla haujapanda. "Mzee," aliniambia, "ukishaweka hizi, hata ndovu akipita hapo nje wewe utaskia gitaa peke yake." Niliifunga siku hiyo hiyo kwa mikono yangu, nikaweka sheria kwamba kuanzia hapo mashine isiinuliwe wala kusogezwa na mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Nimesh hakujua habari za kikundi chako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vitambaa. Nyumbani kwangu kila kitu kimevikwa kitambaa cha kufuma: makochi, televisheni, friji, mtungi wa maji, hata rimoti ina kakoti kake. Nilivumilia. Lakini siku moja baada ya kufunga ile miguu, nilikuta kitambaa cheupe juu ya amplifaya na vingine viwili juu ya spika, zimekaa kama watoto wanaongoja kubatizwa. Nilimweleza Wangeci kwa upole kwamba mashine hii ina miguu ya kisayansi na haihitaji mapambo. Akanijibu, "Baba Sue, kwani hiyo redio iko na mimba ndio isiguswe?" Kwanza, si redio. Pili, kwa miaka yote ambayo nimeishi katikati ya vitambaa sijaona hata kimoja kikifanya kazi yoyote ila kuanguka nikiegemea kochi. Nilimrudishia vyote kwenye mfuko, vimekunjwa vizuri, na nikamwomba atie sahihi kwamba amevipokea.

2. Mukimo. Huenda hujui kwamba mama mmoja akiponda mukimo wa viazi na mahindi jikoni, mtetemo wake hufika sebuleni ukiwa na nguvu zake zote. Mimi najua, kwa sababu niliweka gilasi ya maji ukingoni mwa gramafoni na kuandika kwenye daftari kila maji yalipotikisika, pamoja na saa na chanzo. Viazi vya Kuresoi, ambavyo Wangeci hutumiwa na kaka yake Joash, ndivyo vibaya zaidi kwa sababu ni vigumu na yeye huviponda kwa moyo. Nilimwomba apondee nje. Aliponda nje siku mbili, majirani wakaanza kuuliza kama jikoni kumeungua. Basi mimi, katika kutafuta suluhu, nikamnunulia miguu mingine minne ya mpira aiweke chini ya sufuria. Sikufikiria habari ya moto. Nyumba ilinuka tairi kwa wiki nzima, na jirani wa nyuma alifunga mlango akidhani kuna maandamano. Tangu siku hiyo Wangeci alipika wali tu. Wali hautetemeshi nyumba, ila mtu hawezi kula wali siku ishirini na tisa mfululizo akabaki na akili zake.

3. Ziara yenu ya Februari. Ninaelewa kwamba ni desturi yenu kutembeleana kwa zamu, na kwamba zamu ya Wangeci ilikuwa imefika. Ninachopinga ni jinsi mlivyoingia. Mlikuwa thelathini na mmoja. Kwa heshima sikuwapima, lakini kwa macho ya kazi nilikadiria jumla ya kilo elfu mbili na mia moja, yaani sawa na pikapu ya viazi iliyojaa, tofauti ikiwa viazi havichezi. Nilikuwa nimetundika ubao langoni ukiwaomba wageni wavue viatu, waimbe wakiwa wameketi, na wapige vigelegele wakiangalia barabarani. Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, uliusoma ule ubao kwa sauti kutoka juu mpaka chini, kisha ukaingia ukicheza. Sindano iliruka kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kugusa nyimbo tatu za katikati. Nilipokuja kulalamika uliniambia mbele ya watu, "Mzee, sisi hatukukuja kwa redio, tumekuja kwa Wangeci." Wangeci mwenyewe hakuketi siku hiyo. Alikuwa akitoka jikoni na kurudi, macho mekundu, na nyinyi mkawa mnamshika mikono kwa zamu mkimnong'onezea. Nilielewa mara moja kwamba alikuwa anaona aibu kwa ajili yenu.

4. Nimesikia kwamba katibu wako anasambaza maneno kuwa Nakuru yote hutetemeka, eti tumekaa juu ya volkeno, na kwamba Mzee Wanyoike, yaani mimi, akiendelea hivi atapeleka barua Menengai kwenye volkeno yenyewe. Nataka kumjibu rasmi. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa linapanuka. Lakini linapanuka taratibu, kwa utaratibu unaoeleweka, na halijawahi kupanuka likipiga vigelegele. Kama wanachama wako wangekuwa na nidhamu ya volkeno, mimi na wewe tusingeandikiana.

5. Ushahidi kwamba kosa si la miguu. Naona kuna watakaosema nimeuziwa takataka. Daftari langu linasema vingine. Mwanzoni, kusema kweli, sauti ilikuwa ya wastani na gilasi ilitikisika kwa kila kitu. Lakini kuanzia katikati ya Machi mambo yalibadilika kabisa. Wangeci alikuwa bado yuko nyumbani, akitembea kama kawaida, na siku moja aliangusha sufuria ya lita kumi, maji yasitikisike hata kidogo. Nimeandika: "Safi kabisa. Miguu sasa imezoea nyumba." Nikaweka sahihi. Nimesh naye alikubali kwamba mpira mzuri huhitaji muda wa kuzoea. Kwa hivyo miguu imefanya kazi yake yote, na mtetemo wowote uliobaki katika maisha yangu unatoka kwenye kikundi chako.

6. Mke wangu. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ni wiki ya saba sasa tangu Wangeci achukue begi na kwenda kwao Kuresoi. Aliniambia sababu akiwa amesimama mlangoni, lakini upande wa pili wa santuri ndio ulikuwa unaanza na sikuyapata maneno yote. Sikuhitaji kuyapata. Ninajua ni nyinyi mliomjaza, siku ile mlipokuwa mkimnong'onezea. Binti yetu Sue ameniambia kwa simu, "Dad, si umpigie tu umuulize?" Sijampigia. Mlalamikaji hapigi simu, mlalamikaji huandika na kungoja majibu. Ila nitasema wazi, kwa kuwa barua ni yangu: ninakula mkate na chai mara tatu kwa siku, nyumba imetulia kuliko nilivyowahi kutaka, na siipendi hivyo ilivyo.

Kutokana na hayo, ninaomba kikundi chako kipitishe mambo yafuatayo katika mkutano ujao. Wanachama wote wavae malapa ya sponji wakiwa ndani ya mita hamsini za nyumba yangu. Ziara zote za kutembeleana zifanywe kwenye viti, na kila mguu wa kiti uwe na mguu wake wa mpira, yaani miguu mia moja ishirini na minne kwa kikundi kizima, ambayo Nimesh yuko tayari kuagiza. Uimbaji wenu uendelee, sipingi uimbaji, lakini kwa midomo. Na mwisho, kikundi kimwandikie Wangeci kumwamuru arudi, pamoja na fomu ambayo nimeiambatanisha, atie sahihi kwamba atatembea kando ya zulia, hataleta kitambaa karibu na mashine, na ataponda mukimo Jumapili peke yake nikiwa kanisani. Naamini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeyaona masharti haya kuwa mazito. Nikipata majibu kabla ya Ijumaa nitashukuru. Nisipopata, nitalazimika kupeleka jambo hili kwa chifu, nikienda na gilasi yangu.

Nisalimie katibu, pamoja na maneno yake. Nisalimie mweka hazina, akina mama wa kamati, na yule mama aliyekuja na gambuti, ambaye sikumjua jina lakini sakafu yangu inamkumbuka. Watoto na wajukuu wa kikundi nao wapate salamu zao, wale wanaotembea polepole.

Wako katika utulivu,

Ezekiel Wanyoike
Mkaguzi wa Mizani (Mstaafu)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha nilipoona ni vizuri nikutumie mguu mmoja wa gramafoni kama kielelezo, ili wanachama waushike na waelewe. Nikavunja sheria yangu, nikainua mashine. Hakukuwa na mguu. Kulikuwa na mipira minne ya kufuma kwa uzi mweusi, imekazwa vizuri na kupimwa kimo sawasawa, hata mimi mkaguzi singeona tofauti. Nilipofungua mmoja nilikuta umejazwa soksi zangu za kahawia, ambazo nimezitafuta tangu Machi. Sifa zote nilizoziandika katika namba tano ni za vitambaa.

Niliirudisha mashine juu ya hiyo mipira, nikaweka santuri ili nipime tena, nikampigia Wangeci.

Miguu iko Kuresoi. Alimpa Joash aende nayo siku niliyokwenda mkutano wa wastaafu. Joash aliifunga kwa bisibisi chini ya kigoda ambacho mama yao hukalia akioga, kwa sababu kigoda hicho kiliteleza kwenye saruji yenye maji na mama akavunjika mkono, Ijumaa ile kabla ya nyinyi kuja kwangu. Nyinyi nyote mlijua. Ndio maana mlimshika mikono. Tangu kifungwe miguu hakijateleza tena, lakini mama hawezi kujiogesha wala kujipikia, na hilo ndilo Wangeci aliloniambia akiwa mlangoni. Anasema kabla ya siku hiyo alikuwa ameniambia mara tatu habari za mama yake kuanguka. Nilikana, nikachukua daftari nimthibitishie. Tarehe zote tatu zipo, kwa mwandiko wangu, na zote zimeandikwa hivi: "Mtetemo mdogo. Chanzo: Wangeci akiongea."

Kwa hivyo, Mwenyekiti, ile fomu uitupe. Barua nimekuachia kama ilivyo, kwa sababu nyinyi mmevumilia mengi na mnastahili kucheka. Kesho naenda Kuresoi. Nilianza kumwomba msamaha, na kusema kweli nilikuwa nalia, akanikatiza akaniuliza kama ninamsikia. Nikamwambia ninamsikia vizuri sana.

"Basi," akasema, "zima hiyo kitu kwanza."