Kuanguka kwa Buti la Padri Reinallt

Sogeeni motoni, enyi mlioumbwa na masikio, wakubwa kwa wadogo, msikie habari za vita vilivyopiganwa katika milima ya Welisi, vita visivyomwaga damu bali maji, na shujaa wake ni Padri Reinallt, simba wa altare, nyundo ya dhambi, aliyekuwa akiizunguka nchi ya mama yake ili aandike kitabu kikubwa cha fadhila na maovu ya Wawelisi.

Fadhila alizimaliza upesi. Sasa alikuwa kwenye sura ya kiburi, na wino ukimiminika: Mwelisi mwenye mbuzi wawili, aliandika, atakutajia babu zake mpaka wa kumi na nne, na wote wafalme! Siku moja, alipokuwa akizidi kuinakshi sentensi hiyo kichwani, juu ya nyumbu wake, mbingu zikafunguka, mvua ikampiga toka adhuhuri hadi alasiri, naye akajitosa katika nyumba ya kwanza aliyoiona, nyumba ya Bibi Hunydd.

Hakuulizwa jina wala atokako. Huko mgeni haulizwi. Binti wa nyumba hakuacha kupiga kinubi chake. Ednyfed, mwana wa bibi, akaleta beseni la maji ya miguu. Na desturi ndiyo hii: ukinyoosha miguu ioshwe, umesema utalala, ukikataa, umesema utakula kidogo ushike njia. Padri aliijua kama sala ya Baba Yetu. Lakini, ole wake! Ndani ya buti lake la kushoto, buti la ngozi laini alilolishonesha kwa matumaini ya uaskofu, soksi ilikuwa imekufa siku nyingi, na kidole gumba kilikaa uchi kama Adamu.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sihitaji."

Wakampa mkate mwembamba na mchuzi wa moto. Alipoinua macho kutoka kwenye bakuli, Ednyfed alikwisha kusimama mlangoni na joho la mgeni mkononi, na nje mto ulikuwa ukinguruma, umemeza daraja.

"Nyumbu yuko tayari, Baba. Safari njema."

Shujaa akasimama, akainua mkono kama aliye mimbarini. "Enyi watu wa nyumba hii! Je, mtumishi wa Kanisa, aliyehubiri mbele ya mabwana wa ngome, atatupwa kwenye gharika kama Yona?"

"Nani kakutupa, Baba? Maji si umeyakataa mwenyewe?"

"Mngeweza kuniuliza mara ya pili!"

"Aa, hapana. Kumbembeleza mgeni kwetu ni kumtukana."

Padri akaitazama mvua. Akalitazama buti. Mvua ingemuua, buti lingemwaibisha, na kwa kitambo kirefu, Mungu amsamehe, hakujua achague lipi.

Ndipo Bibi Hunydd, ambaye kwa miaka sitini ameosha miguu ya kila aina, akakohoa. "Baba, kitendawili."

"Tega," alisema Padri kwa unyonge.

"Ndugu watano wamefungiwa chumbani, mmoja anachungulia dirishani, na baba yao anaona haya."

Kinubi kikanyamaza. "Soksi imetoboka!" binti akapiga kelele, akajiziba mdomo.

Padri akawa mwekundu mpaka kwenye upara. Akaketi. Akanyoosha mguu wa kushoto mbele ya taifa zima la mama yake, na kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kuzitoa, akasema, "Bibi, nipeni maji."

Lo! Buti lilikuwa limevimba kwa mvua, likakataa kujisalimisha. Ednyfed akalikamata kisigino, binti akamkamata Ednyfed kiunoni, Padri akaikumbatia nguzo ya nyumba akiwaita watakatifu wote kwa majina. "Vuta, mwanangu! Usinihurumie!" Wakavuta mara moja, mara mbili, ya tatu buti likatoka kwa mlio wa ng'ombe atokaye matopeni, na watu wote wakalala chali.

Kidole kikasimama hadharani. Bibi akakitazama vizuri.

"Kumbe hiki tu?" akasema. "Cha marehemu mume wangu kilikuwa kibaya zaidi, na babu yake alikuwa mfalme."

Wakacheka, na Padri akacheka kuliko wote. Majeshi mengi yameivamia Welisi na kurudi mikono mitupu. Yeye, kwa kuvua kiatu, alipata kitanda, moto na blanketi la sufu. Hivyo ndivyo lilivyoanguka buti la kushoto. La kulia, lilipoyaona yaliyompata mwenzake, lilitoka lenyewe.