Waya wa Mizani na Kitabu cha Majibu

Leo nimeadhirika. Tena si mbele ya mtu mmoja. Ni mbele ya kina mama kumi na wanne wa kijiji cha Kibuyuni, na mizani yao ikiwa shahidi.

Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma sayansi ya materiali, yaani somo la kujua kwa nini chuma hukatika na plastiki hupinda tu. Mtihani ni Jumatatu. Nimekuja kwa shangazi yangu, Mwanahamisi, nipate utulivu wa kusoma (utulivu, Kibuyuni, siku ya kuuza mwani!). Kitabu chenyewe ni kizito, nimekiacha bwenini. Nilicho nacho ni kitabu cha majibu, kimo ndani ya simu: swali juu, hesabu yake yote chini. Utaratibu wangu ni mmoja. Naliruka swali, nalisoma jibu, natikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nasonga mbele.

Asubuhi shangazi akaniita bandani. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wakulima wa mwani. Mwani umeshakauka, umo magunini, na mnunuzi anakuja saa nane. Kumbe kamba ya kutundikia mizani imeoza! Mizani yenyewe ni ile ya kuning'inia, yenye mshale na ndoano, nao wana hiyo moja tu. Ikiharibika, mnunuzi atapima kwa mizani yake, na tabia ya mizani ya mnunuzi kila mtu anaijua.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," akajibu shangazi, kipande cha waya mkononi. "Wewe si ndiwe wasoma mambo ya vyuma? Hebu tazama, waya huu wafaa?"

Kichwa kikavimba hapo hapo. Nikaupima unene kwa rula, nikafungua simu, nikapekua. Lo, bahati gani hii! Waya wa chuma, unene ule ule, hesabu imeshafanywa! Nikateremka moja kwa moja hadi chini, kwenye mstari wa mwisho.

"Kilo tisini na nane," nikatangaza.

Bi Mwanakombo, mkubwa wao kwa umri, akaniangalia. "Hizo kilo tisini na nane ni za nini?"

"Ni za waya, bibi."

(Jibu gani hilo, jamani? Na mimi nilijiona nimejibu.)

Shangazi akafurahi. "Basi tupime magunia mawili kwa pamoja, tumalize mapema. Mtoto amesoma huyu!" Wakaufunga waya kwenye boriti, wakatundika mizani, wakafunga magunia mawili kwenye ndoano, wakayaachia polepole. Mimi nimesimama kando, simu mkononi, nasoma mshale kwa sauti ya mhadhiri.

"Tisini na nne. Mwaona? Waya hata haujashtuka. Ongezeni!"

Wakatia mwani, konzi baada ya konzi.

"Tisini na sita. Bado, bado, ongezeni!"

Wakaongeza. Tisini na saba. Wakaongeza tena. Tisini na na...

PAA!

Magunia chini. Moja likapasuka, vumbi la chumvi likanijaa machoni. Nikaruka kinyumenyume, nikakaa kitako ndani ya beseni la mwani mbichi. Mizani nayo ikaangukia gunia, ikabiringika hadi mchangani. Hakuna aliyeniangalia mimi. Shangazi akaiokota, akaishika juu kwa mkono mmoja, akavuta ndoano kwa mwingine. Mshale ukapanda. Akaachia. Ukarudi kwenye sifuri.

"Alhamdulillahi," akasema. Ndipo wote wakanigeukia.

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kulikuwa na kitu kinaniwasha zaidi ya ile aibu (na ya ule mwani). Mbona umekatika kwenye tisini na nane kamili? Si mia, si themanini. Kitabu kilijuaje?

Nikiwa bado ndani ya beseni, nikapandisha ukurasa juu.

"Hilo swali lasemaje?" akauliza Bi Mwanakombo.

Nikalisoma kwa sauti, ikizidi kudidimia kila neno. "Tafuta... uzito... utakaoukata waya huu."

Bi Mwanakombo akautazama waya uliokatika.

"Basi umejibu sawasawa, mwanangu," akasema bibi.

Kicheko kilichofuata nadhani kimesikika hadi Shimoni, kijiji cha jirani. Shangazi alijishika mbavu, akafuta machozi kwa leso. Kisha akachukua kamba ya kufungia mwani, akaikunja mara nne, akatundika mizani, akaweka gunia moja tu.

"Mbona mara nne, shangazi?" Nilitaka kujua kweli, sikuwa namtania.

"Mkunjo mmoja wa kubeba. Mitatu ya kuniondolea wasiwasi."

Mhadhiri wetu alitueleza jambo hilo hilo, la kuacha nafasi ya usalama, kwa wiki mbili, na mimi nikatoka bila kitu! Mnunuzi akaja saa nane, magunia yakapimwa kwa mizani ya kina mama, akalipa, akaondoka zake.

Sasa nimekaa ukumbini, nguo zimeanikwa, jibu nimelifunika kwa kiganja, nahangaika na swali kwanza. Ni gumu ajabu, na lina utamu ambao sikuujua. Nanyi mnaotaka kunicheka, chekeni, lakini someni swali kwanza.