Dagaa Wangu Wakubwa Kuliko wa Bi Rula

Jumatatu, 3 Machi
Meli ya utafiti ina nafasi moja tu kwa sisi wapima dagaa. Mkuu wa kituo kasema atakwenda mwenye vipimo bora, kisha akamtazama Bi Rula. Wote wakamtazama Bi Rula. Mimi nina miaka sita hapa, yeye miezi minane, na tayari kapewa koti jipya jeupe! Langu lina doa la mafuta ya samaki mfukoni. Wivu ninao, sikatai. Umenikwama kooni kama mwiba.

Jumanne, 4 Machi
Yeye hupima gati la kaskazini, mimi la kusini. Alipokwenda kunywa chai nikachungulia daftari lake. Dagaa wa kila saizi, hadi vitoto. Aibu gani hii? Mkuu mwenyewe husema palipo na vidogo vitupu pamevuliwa kupita kiasi, na gati hufungwa mwaka mzima. Kanuni ni kuchota ndoo moja bila kuchagua. Kanuni haijui mashindano. Nimechagua majitu matupu, mia mbili. Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye mashua yake hushusha hapo, kauliza mbona wadogo nawatupa pembeni. Nikamwambia ni sayansi.

Jumatano, 5 Machi
Bi Rula kaniuliza kwa upole kama nataka msaada wa fomu. Nimemjibu fomu hizi nilianza kuzijaza yeye akiwa bado shuleni. Mke wangu analalamika eti sina hadithi nyingine mezani. Nikamwambia huyo mwanamke hata simfikirii. Kisha nikamweleza habari za koti.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu alizikodolea macho karatasi zangu muda mrefu. Nikaweka kola sawa. Akasema za Bi Rula zinaleta matumaini, maana wakubwa wapo na watoto wanawafuata. Zangu zinatisha: wazee watupu, mtoto hata mmoja hakuna, basi dagaa wa kusini hawazaliani tena. Gati langu lifungwe wiki sita kuanzia Jumanne. Nilitaka kukiri, badala yake nikaweka kola sawa tena. Meli kapewa nani? Sina haja ya kuandika.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaja na wavu wake wote, kautua katikati ya sebule. Hakunilaumu. Kasema tu kwamba gati likifungwa, yeye na wanawe wanne watakula hapa. Mke wangu kanong'ona niseme ukweli. Kisha akaenda kuhesabu sahani.

Jumapili, 9 Machi
Bi Rula kaniombea kwa Mkuu nipime upya kesho. Hata kwa huruma lazima anizidi! Lakini nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Mkuu anataka watoto? Atawapata. Kesho nachagua vidogo vitupu, mia mbili, mkubwa asionekane hata mmoja. Nimemwambia shemeji auondoe wavu sebuleni, Jumanne anarudi baharini.